Shangazi Yumo Kwenye Kompyuta

Siku ya kwanza ya kukaa katika ofisi yake mpya, mchora ramani aliweka kikombe cha chai mezani, akafuta vumbi la rangi kwenye kiti, akawasha kompyuta. Mkewe alikuwa ameshatoka kwenda kwenye duka la dawa anakofanya kazi. Watoto walikuwa shuleni. Nyumba ilikuwa na ule ukimya unaobaki mlango wa mbele unapofungwa kwa mara ya mwisho asubuhi. Alikuwa na ramani ya nyumba ya mteja ya kumalizia, kwa hiyo akabofya ukuta wa jikoni ili ausogeze kidogo, akasubiri. Ukuta haukusogea. Akanywa chai, akabofya tena. Chai ilipofika nusu ndipo ukuta uliposogea, ukapitiliza, ukaingia hadi katikati ya sebule.

Feni ya kompyuta ilikuwa ikivuma kama mtu anayepuliza kuni mbichi. Aligusa sanduku la mashine, akautoa mkono haraka. Lilikuwa la moto.

Hakuwa mgeni wa mashine. Kazi yake ya kuchora ramani za nyumba aliifanya kwa kompyuta tangu akiwa kijana, na magonjwa yake mengi aliyatibu mwenyewe. Alifunga vichupo vyote vya kivinjari ambavyo watoto huviacha wazi. Alifungua sanduku, akafagia vumbi kwa brashi laini. Alitafuta virusi, akakuta hakuna. Mwishowe akaizima na kuiwasha upya, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya kila ugonjwa wa kompyuta na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Ilirudi na mvumo wake ule ule.

Ndipo akafungua lile dirisha linaloonyesha kazi zinazoendelea ndani ya mashine na kila kazi inakula kiasi gani cha prosesa. Prosesa ya kompyuta ya nyumbani haina maajabu. Ni kama mtu mmoja anayeitwa na kila aliyemo ndani ya nyumba. Akiitwa na wengi kwa pamoja, au akishikwa na mmoja asiyemwachia, wengine wote wanangoja. Programu ya kuchorea ilikuwa inapata asilimia mbili. Kivinjari kilikuwa kimelala. Juu kabisa, peke yake, kulikuwa na mstari ulioandikwa Shangazi, na mbele yake asilimia tisini na tano.

Mchora ramani hakushtuka. Alichopata ni haya, zile haya za mtu anayefunguliwa mlango na mgeni akiwa amejifungia anakula peke yake. Shangazi alikuwa amefariki msimu wa baridi uliopita, na ofisi hii mpya, yenye rangi ambayo bado ilinukia, ndicho kilichokuwa chumba chake.

Chumba ni neno la heshima. Ilikuwa stoo ya nyuma ya jiko. Shangazi, dada mdogo wa baba yake, alikuja kwao mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, aje kumshika mkono mzazi mpaka apate nguvu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alipewa siku ile ile aliyofika, hata glasi ya maji hajaimaliza. Mtoto alikuwa analia, akambeba. Sufuria zilikuwa zimejaa sinki, akaziosha akiwa na mtoto mgongoni. Kitanda chake kiliwekwa stoo kwa muda, kati ya meza ya kupigia pasi na ndoo za akiba, na huo muda ukaenda mpaka yule mtoto akaingia sekondari na mdogo wake akaanza kuota meno ya pili. Hakuna aliyemkatalia kuondoka. Kila alipolitaja jambo la kuondoka palikuwa na sababu ya kungoja kidogo, na sababu zilikuwa za kweli. Alifariki mchana, akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, jambo ambalo kwake lilikuwa la ajabu, na mkewe mchora ramani alimpita mara mbili akidhani anapumzika.

Jioni alimweleza mkewe. Mke alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu.

“Yumo anafanya nini?” mkewe akauliza.

“Sijajua. Anafanya kazi.”

“Basi mwache. Wewe unaweza kumwambia Shangazi akae chini? Uliwahi kuweza?”

Mchora ramani alitaka kusema kwamba hakuwahi kujaribu. Badala yake akasema chakula kitapoa.

Kesho yake alijaribu kuifunga ile kazi, kama anavyofanya mtu yeyote kwa programu iliyokwama. Aliweka mshale juu ya mstari, akabofya amri ya kukomesha. Mstari ukatoweka na feni ikanyamaza. Kabla hajanyanyua mkono kwenye kipanya, mstari ulikuwa umerudi pale pale juu, na chini ya skrini pametokea kijidirisha chenye maneno mawili: Bado kidogo. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake kila alipoitwa mezani. Watu walikuwa wanakula, sahani zinatolewa, na yeye yuko jikoni bado kidogo.

Alichokuwa anafanya walikuja kukijua kupitia picha. Mkewe alitaka kumtumia rafiki yake picha ya zamani ya siku ya kuzaliwa ya mtoto mkubwa. Alipoifungua akaiangalia kwa muda. Katika picha ile, kwa jinsi wote walivyoikumbuka, maziwa yalikuwa yamemwagika juu ya kitambaa cha meza na ukutani nyuma ya watoto kulikuwa na michoro ya kalamu ya nta. Sasa kitambaa kilikuwa cheupe, kimenyooshwa, kina mikunjo ya pasi. Ukuta ulikuwa umesuguliwa. Vifungo vya shati la mtoto, vilivyokuwa vimepishana, vilikuwa kila kimoja katika tundu lake. Akafungua nyingine, ya sebuleni, akakuta nusu ya sakafu inang’aa na nusu bado ina makombo, na katikati ya nusu hizo mbili kuna tambara lililoloa.

“Tumemfungulia kabla hajamaliza,” akasema, akaifunga picha taratibu kama mtu anayerudisha mlango wa bafu.

Upande wa kazi za mchora ramani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Faili alizokuwa akizirundika ovyo, ramani za wateja zikiwa zimechanganyika na vyeti vya watoto, zilikuwa zimekunjwa na kupangwa kila moja na mwenzake. Zilizojirudia ziliwekwa pembeni. Ramani aliyoiacha na mistari iliyopishana aliikuta imenyooka. Alikuwa hajui shangazi yake anajua kupanga ramani, lakini pia hakuwahi kumwonyesha hata moja.

Nyumba ikazoea, maana nyumba huzoea chochote kinachoipunguzia kazi. Mkewe alianza kumwaga humo picha zote za simu yake bila kuchagua. Watoto waliweka kazi zao za shule zikiwa na makosa ya tahajia, wakaenda kucheza, wakarudi kuzichukua zikiwa safi. Wakati mwingine joto lilizidi mpaka kompyuta ikajizima yenyewe katikati ya mchana. Walisubiri ipoe, wakaiwasha, na Shangazi akaanzia alipoishia. Walikubaliana bila kukaa kikao kwamba jambo hili si la kumwambia mtu. Si kwamba watu wasingeamini. Wangeamini, ndiyo iliyokuwa shida.

Ile tabia ya kujizima ndiyo iliyomfanya mchora ramani amwite fundi wa kompyuta. Alikuja asubuhi na begi lake, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliangalia dirisha la kazi, akaangalia chumba, akauliza kama hapa zamani palikuwa na kitanda. Mchora ramani akasema ndiyo.

Fundi alimweleza kwamba hilo analiona mara kwa mara. Wengi ni mama wakubwa. Kuna nyumba moja alikuta mtunza bustani, na huko kila picha ya nje ilikuwa imekatwa majani. Alisema si virusi, kwa hiyo hakuna cha kusafisha. Tena Shangazi mwenyewe ndiye anayesafisha. Mchora ramani akauliza kama anaweza kunakiliwa, ili awekwe pengine na hapa pia abaki.

“Programu ndiyo unayonakili,” fundi akasema. “Mtu unamhamisha. Akienda kule, huku hayupo.”

Kumhamisha, alisema, si kazi kubwa. Ni waya mmoja kati ya mashine mbili, na mtu wa kumwita upande wa pili. Akiitwa na anayemtaka, ataenda mwenyewe. Mchora ramani akasema atafikiria. Fundi akanywa maji aliyopewa, akachukua begi lake, akaenda zake.

Jumamosi moja, mchana, wakiwa wamemaliza kula, mlango uligongwa na binti wa Shangazi akaingia.

Shangazi alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo. Siku alipokuja kumshika mkono mzazi, alimwacha kwa bibi yake akiwa bado hajaanza shule. Sasa alikuwa mtu mzima, fundi wa kubandika vigae, mwanamke mwenye mabega ya kazi na saruji iliyokaukia pembeni ya kucha. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa mazishini. Alisimama nyuma ya watu, akarudi na gari lililomleta, na kila mtu alisema ana haraka ya kazi. Alimwamkia mchora ramani kama kaka na mkewe kama wifi, akakaa ukingoni mwa kochi. Kwenye mapaja aliweka kitu kilichofungwa kwa taulo. Ilikuwa kompyuta ndogo ya mkononi, iliyokwishatumika, aliyopewa na mwenye nyumba mmoja baada ya kumbandikia bafu.

Hakuzunguka. Alisema hana picha ya mama yake hata moja. Aliyokuwa nayo ilikuwa kwenye fremu nyumbani kwa bibi, mvua ikaingia ukutani, ikaoza. Sasa ana mtoto wake wa kike, na mtoto anauliza bibi alikuwa na sura gani, na yeye kila akijaribu kueleza anajikuta anaeleza sura yake mwenyewe.

“Nyie mlikuwa mnapiga picha sana,” akasema. “Nikaona nije na hii mnijazie.”

Mkewe mchora ramani akasema picha zipo, tena zimejaa tele. Alisema kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyeombwa kitu alichonacho. Wote watatu wakaingia ofisini. Binti alitazama kuta zenye rangi mpya, dari, na pembe ambapo kitanda kilikuwa. Akapewa kiti.

Mchora ramani akaanza na picha za mwanzo kabisa, za mtoto wa kwanza akiwa mchanga. Kompyuta ilikuwa nzito. Kila picha ilifunguka polepole kutoka juu kwenda chini, kama pazia linaloshushwa. Mtoto kwenye beseni. Mtoto kwenye mapaja ya mama yake. Mtoto na babu, mtoto na majirani, mtoto na daktari. Akasema Shangazi yuko kwenye zinazofuata. Zikafuata siku za kuzaliwa, siku za kwanza za shule, wageni waliokaa siku moja wakapigwa picha mpaka kwenye gari lao. Paka wa jirani alikuwemo. Fundi bomba alikuwemo, akicheka, ana spana mkononi.

Katika picha moja, pembeni kabisa, kulikuwa na mkono umeshika sinia, umekatwa kwenye kiwiko. Katika nyingine, mlangoni mwa jiko, kulikuwa na upindo wa gauni. Katika nyingine familia nzima ilikuwa imepanga mstari juu ya majani, jua liko nyuma ya mpiga picha, na kivuli chake kirefu kimelala mbele mpaka kimegusa viatu vya watoto. Mpiga picha alikuwa Shangazi. Alikuwa anaitwa apige ili wote waingie.

Mchora ramani alibofya haraka zaidi, na kompyuta ikamjibu taratibu zaidi. Masikio yake yalikuwa ya moto kuliko ile mashine. Wanasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Hapa maiti alikuwa na siri zake zote salama, na waliovuliwa nguo walikuwa walio hai. Mkewe alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, akasema kwa sauti ndogo kwamba Shangazi hakuwa anapenda kupigwa picha.

“Alikuwa anapenda,” binti akasema. “Kwa ile ya kwenye fremu aliazima hereni.”

Picha iliyokuwa wazi ilikuwa ya siku ya kuzaliwa, na binti hakuwa anatazama watoto. Alikuwa anatazama kabati nyuma yao. Juu ya kabati kulikuwa na vikombe vimefunikwa, vimepangwa mstari, mikono yote imegeukia ukutani ili mtu asipite akaviangusha. Alisogeza uso karibu na skrini. Ukingo wa kabati ulikuwa na maji bado, na wakati wanaangalia, maji yakafutwa, kutoka kushoto kwenda kulia.

Akaweka kiganja juu ya sanduku la kompyuta, kama mtu anavyopima homa kwenye paji la uso.

“Mama yumo humu,” akasema.

Hawakukana. Akauliza tangu lini. Mchora ramani akasema tangu walipopaka rangi. Akauliza mbona hawakumwambia. Mchora ramani akasema walihofia ataumia. Lilikuwa jibu jema, na aliposikia linatoka mdomoni mwake ndipo alipogundua kwamba hawakuwahi kulihofia hilo wala kitu kingine chochote. Kwa miezi yote hiyo binti huyu hakuwajia akilini.

Akaomba aonyeshwe. Mchora ramani akafungua dirisha la kazi, na mstari ulikuwa pale juu na asilimia zake.

“Kwa nini imeandikwa Shangazi?”

“Ndivyo tulivyokuwa tunamwita. Wote. Hata watoto.”

Ilikuwa kweli. Watoto, ambao kwao alikuwa bibi, walimwita Shangazi. Mkewe, majirani na msoma mita walimwita Shangazi. Siku ya mazishi mchora ramani alilazimika kumpigia simu mtu kuuliza jina kamili.

Binti alisogeza kiti. Akalitaja jina la mama yake, lile alilokuwa nalo kabla hajawa shangazi wa mtu yeyote. Alilisema kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Kwenye skrini herufi za mstari zikabadilika, na jina lile likaandikika mahali pa lile jingine.

“Mama, ni mimi,” akasema. “Kaa kidogo.”

Asilimia zikaanza kushuka. Zilishuka taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu anavyokaa, zikafika sifuri. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Chumba kikawa kimya mpaka wakasikia bomba la jikoni likidondosha maji. Katika ile picha ya siku ya kuzaliwa, nyuma ya watoto, kiti kimoja kilichokuwa kimesukumwa chini ya meza kilikuwa kimevutwa nje. Tambara limetundikwa kwenye mgongo wake. Juu ya kiti hapakuonekana mtu, ila mto wake ulikuwa umebonyea.

Walikaa hivyo kwa muda mzuri. Mchora ramani alisema baadaye, kwa mkewe, kwamba hakuwahi kukisikia chumba kile kikiwa kimepoa namna ile.

Kisha binti akafungua taulo, akaiweka kompyuta yake ndogo mezani kando ya ile kubwa. Akauliza kama kuna namna ya kwenda naye.

Mchora ramani angeweza kusema hakuna, na binti asingejua. Kwa heshima yake, hakudanganya. Akasema namna ipo. Akasema ni waya tu, na fundi anaujua. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu, na kila mmoja alimsikia mwenzake akihesabu. Mwisho wa mwezi kuna michoro ya jengo la ghorofa, na faili zote ziko mahali ambapo Shangazi pekee ndiye anapajua. Mtoto mkubwa ana mitihani. Mdogo bado anakosea tahajia.

“Si leo, mdogo wangu,” akasema. “Kuna kazi hapa katikati. Ikiisha hii, tutakuita wenyewe. Kidogo tu.”

Binti akatikisa kichwa polepole. Hakupandisha sauti.

“Nilipokuwa mdogo niliambiwa atarudi mtoto akishaweza kukaa,” akasema. “Nikaambiwa akishatembea. Nikawa namwuliza bibi, huyo mtoto wao ni wa namna gani, mbona hamalizi kukua.”

Hapo hapo feni ikaanza. Ilianza chini kwa chini, ikapanda. Kwenye dirisha la kazi jina lilikuwa limeondoka na pale juu paliandikwa tena Shangazi, asilimia arobaini, sabini, tisini. Kwenye picha kiti kilikuwa kimerudishwa chini ya meza na tambara halikuwepo.

“Kasikia kuna kazi,” binti akasema.

Alimwita tena mara moja, kwa jina. Kijidirisha kikatokea chini ya skrini: Bado kidogo. Akakisoma, akakisoma tena, akaanza kuifunga kompyuta yake kwa taulo. Halafu akaifungua. Akasema basi apewe ile picha ya kivuli. Mchora ramani akasema anaweza kumpa zote, akachague mwenyewe taratibu, akajisikia mkarimu kwa kitambo kifupi sana. Binti akasema hiyo moja inamtosha. Kwa zile nyingine, yeye na mtoto wake hawawajui watu waliomo.

Kuihamisha picha moja kulichukua muda, kwa kuwa prosesa ilikuwa imeshikwa. Walikaa watatu mbele ya alama inayozunguka kwenye skrini, magoti yanakaribia kugusana, hakuna aliyejua aweke wapi macho. Mkewe mchora ramani akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa ndizi zilizoiva, akamwekea binti miguuni. Binti akashukuru kwa adabu, maana alikuwa amelelewa vizuri, na bibi. Picha ilipofika akaifungua kwenye kompyuta yake kuhakikisha. Kivuli kilikuwepo. Kilikuwa na mikono miwili imeinuliwa usoni, imeshika kamera, na chini yake majani yalikuwa yamefagiliwa.

Alipoondoka, mtoto mdogo aliingia ofisini akauliza yule alikuwa nani. Mama yake akasema ni mtoto wa Shangazi. Mtoto akauliza kumbe Shangazi alikuwa na mtoto. Akaambiwa akaoge.

Mwisho wa mwezi ulifika, michoro ya ghorofa ikakabidhiwa, ikasifiwa kwa usafi wake. Mitihani ya mtoto mkubwa ikapita. Mchora ramani alichukua simu mara kadhaa, akalitafuta jina la binti, akakuta kwamba hakuwahi kulihifadhi kwa jina. Alikuwa ameandika Mtoto wa Shangazi. Kila alipoliona hilo alirudisha simu mezani, skrini ikitazama chini, akajiambia atapiga akishatulia. Kisha ikaja kazi nyingine, ya shule, yenye madarasa mengi.

Aliyepigiwa simu ni fundi wa kompyuta. Fundi alikuja na waya mrefu umezungushwa mkononi, kwa kuwa hakuuliza anaitiwa nini, alidhani siku ya kumhamisha imefika. Mchora ramani akamweleza, akiwa anatazama mlangoni, kwamba kwa sasa shida ni lile joto tu, mashine inajizima mchana na kazi zinakatika. Fundi aliutazama ule waya, akaurudisha kwenye begi. Akafungua sanduku. Akapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, akaongeza feni mbili, moja ya kuvuta na moja ya kusukuma, akafunga parafujo moja moja bila haraka. Alipoondoka hakunywa maji.

Feni zilifanya kazi. Kompyuta ikapoa, na haikujizima tena. Asilimia zilibaki tisini na tano, ila sasa Shangazi aliweza kuendelea asubuhi hadi jioni bila joto kumsimamisha.

Mchora ramani aliweka kiganja juu ya sanduku, akakuta ni la baridi. Alikuwa peke yake nyumbani na hakuna ambaye angemsikia. Alitaka kusema asante. Akaona haya, kwa sababu ingekuwa mara ya kwanza, na Shangazi angesimama kumuuliza ana nini leo. Akaondoa mkono, akafungua faili za shule, akazimwaga zote ndani zikiwa zimechanganyika, akaenda kujitengenezea chai.